Sayari Changa Kuliko Nyayo za Laetoli

Mwaka 1978, huko Laetoli katika eneo la Ngorongoro, timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo za viumbe waliotembea kwa miguu miwili juu ya majivu ya volkano yaliyolowa mvua. Nyayo hizo zina umri wa miaka milioni 3.6 hivi. Novemba 2024 jarida la Nature likachapisha habari ya sayari inayozunguka nyota moja iliyo upande wa kundinyota la Ng'ombe, nyota ambayo umri wake unakadiriwa kuwa miaka milioni 3 tu. Kama makadirio hayo yako sawa, wale waliopita Laetoli walipokuwa wanakanyaga yale majivu, sayari hii ilikuwa bado gesi na vumbi.

Jina lake ni IRAS 04125+2902 b, utadhani tokeni ya umeme. Aliyeongoza ugunduzi wake ni Madyson Barber, wakati huo mwanafunzi wa uzamivu katika Chuo Kikuu cha North Carolina kule Chapel Hill, Marekani, kwa kutumia vipimo vya TESS, satelaiti inayosaka sayari za nje.

Ili tuone uchanga huo vizuri, tuseme Dunia yetu, yenye miaka bilioni 4.5, ni mtu wa miaka 45. Kila mwaka mmoja wa mtu huyo ni miaka milioni 100. Kwa kipimo hicho, sayari ya Barber ni mtoto wa siku 11. Arobaini yake haijatoka.

Sayari zinazojulikana nje ya mfumo wa Jua letu zilivuka 6,000 mwaka 2025, na nyingi mno ni watu wazima, kama Dunia au zaidi. Shida ya mtu mzima ni kwamba hawezi kukusimulia alivyozaliwa. Mwaka 1995 Michel Mayor na Didier Queloz walipotangaza 51 Pegasi b, dude la gesi lenye ukubwa wa Mshtarii linaloizunguka nyota yake kwa siku 4 na ushei, swali lililozuka papo hapo lilikuwa: limefikaje pale? Gesi ya kutosha kutengeneza jitu kama hilo haikai karibu hivyo na moto. Wengine walisema lilizaliwa mbali likasogezwa mapema na gesi iliyolizunguka. Wengine wakasema lilivurugwa na jirani yake baadaye sana, likaangukia ndani. Kumtazama mtu mzima hakumalizi ubishi huo. Ukimkuta mtoto wa siku 11 tayari yuko karibu na nyota, yale maelezo yanayohitaji mamia ya mamilioni ya miaka, kwa mtoto huyo walau, hayana nafasi.

Kwa hiyo wanaastronomia wanasaka watoto. Na hapo ndipo matatizo yanapoanza, la kwanza likiwa la umri wenyewe.

Umri kwa hirimu

Karani wa sensa alipomuuliza marehemu bibi yangu umri, bibi hakutaja mwaka. Alisema, "Mwulize Mama Hadija pale ng'ambo, tulichezwa unyago pamoja. Nzige walikuwa wameshapita." Karani alichoka, lakini bibi alikuwa amejibu sawasawa. Umri wake ulikuwa kwenye hirimu yake.

Nyota nazo ndivyo zinavyojibu. Ukiichukua nyota moja peke yake, umri wake ni mgumu kuubaini, maana ikishapita utoto hukaa mabilioni ya miaka bila kubadilika sana. Bahati nzuri nyota hazizaliwi moja moja. Wingu moja kubwa la gesi huporomoka na kuzaa nyota kwa makumi au mamia. Kilimia ni mfano ambao kila mkulima wa kwetu ameuona: vile vinyota vilivyosongamana ambavyo wazee walivitumia kujua msimu wa kulima ni ndugu wa tumbo moja, na umri wao ni zaidi kidogo ya miaka milioni 100. Yule mtu wetu wa miaka 45 angewaita watoto wa mwaka mmoja.

Katika kundi kama hilo, nyota kubwa huzeeka haraka na ndogo huchelewa. Ukizipanga kwa rangi na mwangaza, mahali zilipofika nyota zote kwa pamoja panakuonyesha umri ambao nyota moja isingekuonyesha. Kuna ishara nyingine pia. Nyota ndogo changa bado ina lithiamu, ambayo baadaye huungua ndani yake ikaisha. Tena huzunguka kwenye mhimili wake kwa kasi, halafu mwendo hupungua kadiri miaka inavyokwenda.

Tabu ni kwamba familia nyingi zimeshatawanyika. Ndugu wamesambaa angani na katikati yao wamejaa wageni. Hapa satelaiti ya Gaia, iliyorushwa na Shirika la Anga za Juu la Ulaya mwaka 2013, ilifanya kazi ambayo sidhani imesifiwa inavyostahili. Ilipima mahali na mwendo wa nyota zaidi ya bilioni moja. Nyota zilizozaliwa pamoja huendelea kusafiri kuelekea upande mmoja kwa kasi karibu ileile, kama wasafiri walioshuka basi moja na kutawanyika sokoni lakini wote wanaelekea kivukoni. Wengi waliotambuliwa kuwa wachanga walitambuliwa hivyo.

Moja ya familia hizo unaweza kuionyesha kwa kidole. Katikati ya Februari, saa tatu usiku, ukiwa Pwani mahali pasipo na taa nyingi, tazama kusini. Nyota inayong'aa kuliko zote upande huo ni Suheli, ileile ya manahodha. Nyoosha mkono, pima vidole vitatu au vinne kwenda kulia kwake na juu kidogo. Nyota hafifu utakayoikuta hapo ni Beta Pictoris. Iko miaka nuru 63 kutoka hapa na umri wake ni kama miaka milioni 20. Ilikuwa ikizaliwa katika zama zilezile ambazo nyani wa kale wa jamii ya Proconsul, ambao mabaki yao yamefukuliwa katika kisiwa cha Rusinga ndani ya Ziwa Viktoria, walikuwa wakiparamia miti. Sayari yake mojawapo ndiyo iliyowafundisha watu mengi kuliko karibu sayari yoyote changa, na tutaifikia. Ndugu yake mmoja, AU Microscopii, yuko upande mwingine kabisa wa anga, hafifu mno kuonekana kwa macho. Huyo tumwite mtukutu wa familia.

Mtoto anayelia usiku kucha

Njia mbili zilizotumika kugundua sayari nyingi zaidi ni hizi. Ya kwanza: unatazama nyota kwa muda mrefu ungoje ififie kidogo, kwa kuwa sayari imepita mbele yake. Ya pili: unapima mwanga wa nyota uone kama inayumba, inakuja kwetu na kurudi, kwa kuvutwa na sayari isiyoonekana. Njia zote mbili zinaitegemea nyota itulie, na nyota changa haitulii.

AU Microscopii inajizungusha mara moja kila siku 5 hivi, na uso wake umejaa madoa meusi makubwa yanayozunguka nayo. Doa likija upande wetu, nyota inafifia. Likienda nyuma, inang'aa. Juu ya hayo hulipuka kila mara na kutoa mimweko mikali. Mwaka 2020, baada ya kuchambua vipimo vya TESS, ilitangazwa kwamba ndani ya zogo lote hilo kuna sayari yenye ukubwa wa karibu Neptuni, inayopita mbele ya nyota kila siku 8 na nusu. Ya pili ikafuata. Ni sawa na kusikiliza saa ya ukutani ndani ya nyumba ambayo mtoto analia usiku kucha. Saa ipo, inagonga, ila inabidi ujue kwanza kilio kinakwendaje ndipo ukitoe.

Usipokitoa vizuri unaumbuka. Mwaka 2008 kundi moja la watafiti lilitangaza kwamba TW Hydrae, nyota yenye umri wa miaka isiyozidi milioni 10 au hapo karibu, inayumba kila baada ya siku 3.56, na kwa hiyo ina sayari kubwa. Ingekuwa sayari changa kuliko zote za wakati huo. Kabla mwaka haujaisha wengine wakaipima nyota hiyohiyo kwa mwanga wa infraredi, usioonekana kwa macho. Hoja yao ilikuwa rahisi na nzuri sana. Sayari ikiivuta nyota, nyota inayumba sawasawa kwa mwanga wowote utakaoutumia. Lakini kama ni doa, basi kwenye infraredi tofauti kati ya doa na uso wa kawaida inapungua, na "kuyumba" nako kunapungua. Kukapungua. Sayari ilikuwa doa.

Mimi huwa sioni aibu yoyote katika kisa hicho. Kipimo walichokizua wapinzani leo ni desturi: kabla hujatangaza sayari ya nyota changa kwa njia hii, unaulizwa kwanza kama umepima kwenye infraredi.

Joto la kuzaliwa

Uchanga huohuo unaoharibu njia mbili za kwanza unaifungua ya tatu, ya kupiga picha.

Kuipiga picha sayari nzee ni kazi karibu isiyowezekana. Mshtarii wetu kwa mwanga wa kawaida ni hafifu kuliko Jua mara bilioni moja hivi. Lakini sayari kubwa iliyozaliwa juzi bado ina joto la kuzaliwa. Gesi ikikusanyika na kujikandamiza hupata moto, na moto huo huchukua mamilioni mengi ya miaka kupoa, mithili ya jiwe la jikoni ambalo kuni zimeshatolewa lakini bado linaunguza mkono. Sayari ya namna hiyo inang'aa yenyewe kwenye infraredi. Pengo kati yake na nyota hupungua sana, na ukiwa na darubini kubwa, chombo cha kuiziba nyota katikati ya picha na kioo kinachojipinda mamia ya mara kwa sekunde ili kufuta mtetemo wa hewa, unaweza kuiona.

Ndivyo ilivyoonekana Beta Pictoris b. Nyota hii ilishajulikana tangu 1984, ilipopigwa picha ikiwa imezungukwa na ungo wa vumbi tuliouona kwa ubavu. Kisha Anne-Marie Lagrange wa Ufaransa na wenzake, wakichambua upya picha zilizopigwa mwishoni mwa 2003 kwa darubini ya VLT huko Paranal, Chile, wakaona kinukta karibu na nyota. Kinukta kimoja hakitoshi. Huenda ni nyota ya mbali iliyoangukia kwenye mstari uleule. Walipotazama tena mwanzoni mwa 2009, kinukta hakikuwapo. Hapo mwenye roho nyepesi angekata tamaa. Wao wakangoja, na kabla mwaka huo kuisha kinukta kikajitokeza upande wa pili wa nyota. Kilikuwa kimepita karibu sana na nyota, kwa jinsi tunavyoiona sisi, kikamezwa na mwangaza wake, kikatoka. Dunia ikawa imeishuhudia sayari ya nje ikihama kutoka ubavu mmoja wa nyota hadi mwingine.

Baadaye, mwaka 2014, ilipimwa hata siku yake. Sayari hii, nzito kuliko Mshtarii mara kama kumi, inajizungusha kwa saa 8 hivi. Mtoto wa miezi miwili na nusu kwa kile kipimo chetu, tayari anamshinda mbio Mshtarii, anayetumia karibu saa 10.

Picha nazo zina mitego yake. Fomalhaut b ilitangazwa mwaka 2008 kwa picha za darubini ya Hubble, ikasifiwa dunia nzima, halafu miaka ilivyokwenda ikawa inatanuka na kufifia hadi ikatoweka. Maelezo yanayokubalika zaidi ni kwamba lilikuwa wingu la vumbi kutokana na mgongano wa miamba miwili. Sayari haitanuki hivyo.

Ndani ya ungo

Ni wapi hasa sayari zinatengenezwa? Wingu likiporomoka kuwa nyota, masalia yake hujizungusha na kulala bapa kama ungo, gesi na vumbi pamoja. Ungo huo haudumu. Baada ya miaka milioni 3 hadi 10 gesi imeshakwisha, imeliwa na nyota au imepeperushwa. Sayari kubwa ya gesi inatakiwa iwe imeshajijenga kabla ya hapo. Chakula kikiondolewa mezani, kimeondolewa.

Mwaka 2014 mtambo wa darubini za redio wa ALMA, wenye antena 66 kwenye uwanda wa Chajnantor nchini Chile, meta 5,000 juu ya usawa wa bahari, ulitoa picha ya HL Tauri, nyota ambayo haijafikisha hata miaka milioni moja kwa makadirio mengi. Ungo wake ulikuwa na duara ndani ya duara, mfereji baada ya mfereji, kama mkeka uliosukwa kwa ukili wa rangi mbili. Maelezo yanayopendwa ni kwamba mifereji hiyo imelimwa na sayari zinazofagia njia zao. Kama ni hivyo, sayari zinaanza kutungwa mapema kuliko vitabu vilivyotufundisha. Wapo wanaosema mifereji inaweza kutokea bila sayari, na kwa HL Tauri yenyewe ubishi huo haujafungwa kwa kuziona sayari zilizomo.

Ndiyo maana PDS 70 ilipokewa kwa shangwe. Nyota hii, miaka nuru 370 hivi kutoka kwetu na yenye umri wa miaka milioni 5 na ushei, ina ungo wenye tundu kubwa katikati. Mwaka 2018 ndani ya lile tundu ikaonekana sayari. Mwaka 2019 ikaonekana ya pili. Safari hii waliziona kwa mwanga mwekundu maalumu ambao haidrojeni huutoa inapopigwa na kupata moto mkali, na maana yake ni moja: gesi ilikuwa bado ikizimwagikia. Tulikuwa tunazitazama zikila.

Halafu ALMA ikaongeza jambo ambalo mimi huwa nalirudia kila nikipata msikilizaji. Sayari ya pili, PDS 70 c, ina ungo wake mdogo wa vumbi, upana wake karibu na umbali wa Dunia na Jua. Vumbi lililomo linatosha kutengeneza miezi hadi mitatu yenye uzito kama wa Mwezi wetu.

Mwaka 2025 mwenzao akaonekana, WISPIT 2b, sayari ndani ya mfereji ulio kati ya duara mbili za ungo, kama HL Tauri ilivyokuwa imetuahidi.

Watoto wanene

Turudi kwa mtoto wa siku 11. Upana wake unakaribia wa Mshtarii, lakini uzito wake hauzidi theluthi ya Mshtarii. Ni mnene wa hewa, kama andazi lililoumuka. Si peke yake. V1298 Tau, nyota ya miaka milioni 23 hivi upande huohuo wa kundinyota la Ng'ombe, ilitangazwa mwaka 2019 kuwa na sayari nne, zote zikiwa na upana kati ya Neptuni na Mshtarii, zote karibu na nyota. Kwenye mifumo iliyokomaa familia ya namna hiyo ni nadra. Kinachojaa huko ni sayari ndogo, zenye upana mara mbili au tatu wa Dunia, na nyingine ndogo zaidi za mwamba. Tena kati ya makundi hayo mawili kuna pengo: sayari zenye upana karibu mara 1.8 wa Dunia ni chache ajabu.

Kwa hiyo ama watoto tulioona ni wa ukoo mwingine, ama wanakonda. Wengi tunaegemea la pili. Nyota changa humwaga mionzi mikali ya urujuanimno na eksirei, ambayo huipasha moto hewa ya juu ya sayari hadi ikatoroka. Sayari yenyewe nayo inapoa na kusinyaa. Yenye mwamba mzito inashikilia sehemu ya blanketi lake la gesi, na nyepesi inavuliwa yote ikabaki jiwe. Hilo linaeleza pengo. Kazi kubwa ya kuvuliwa huko, kwa mahesabu ya wengi, hufanyika ndani ya miaka milioni 100 ya kwanza, yaani kabla mtoto hajatimiza mwaka.

Je, kuna aliyeona hewa ikitoroka? Kwa AU Microscopii, ndiyo, kwa kituko. Hubble iliitazama sayari ya ndani ikipita mbele ya nyota, haikuona dalili yoyote. Mwaka mmoja na nusu baadaye ikaitazama tena, na haidrojeni ikaonekana wazi ikiitangulia sayari, kama moshi unaopeperushwa mbele na upepo wa kisulisuli. Upepo wa nyota na mimweko yake ndivyo vinavyoshukiwa.

Sasa mtazame mtu mzima wa ukoo huu, ambaye jina lake limetoka kwetu. Sayari GJ 1214 b, iliyogunduliwa mwaka 2009, ina upana wa karibu mara 2.7 wa Dunia. Mwaka 2023 Umoja wa Kimataifa wa Astronomia ulikubali majina yaliyopendekezwa na timu ya Kenya, yote ya Kimaasai. Nyota ikaitwa Orkaria, ule udongo mwekundu wa kujipaka, kwa kuwa nyota yenyewe ni nyekundu. Sayari ikaitwa Enaiposha, maji makubwa yanayochafuka, neno lilelile ambalo wakoloni walilitamka Naivasha. Jina limefaa kwa sababu wengi walidhani sayari hii imejaa maji. Lakini kwa miaka mingi hakuna aliyeweza kuona ndani. Enaiposha imejifunika ukungu mzito juu kabisa ya hewa yake, na hata darubini ya Webb ilipoilenga ilikuta ukungu unaorudisha mwanga kama kioo. Kama chini yake kuna maji mengi, au ni masalia ya haidrojeni ya utotoni, upana na uzito peke yake haviwezi kukwambia.

Kwa V1298 Tau b, mmoja wa wale watoto wanne wanene, mambo yalikuwa tofauti. Hubble ilipochuja mwanga uliopenya kwenye hewa yake, ukungu haukuwapo wa kuzuia. Ilionekana hewa nene iliyotanuka, haidrojeni nyingi, na ndani yake mvuke wa maji, wazi.